Kivuli cha Jiwe Kikigusa Mlango

Nakumbuka siku moja ya matanga, mwanangu, katika uwanja huu huu ulipoweka kigoda chako, mtoto wa miaka sita alipopiga kelele ya furaha na watu wazima wakacheka. Mimi pia nilicheka. Sijasikia tena furaha kama ile, na kusema kweli sitaki kuisikia.

Weka simu chini kidogo. Umetoka Buswelu na mtoto wa marehemu dada yako, umemkalisha pale kwenye kivuli cha ukuta, na tangu ufike swali lako ni lile lile: apewe dawa gani. Umesema haongei tangu ile ajali iliyomuua mama yake. Umesema chakula hagusi. Umesema umemnunulia juisi ya boksi, keki, soseji, kuku wa kukaanga, na vyote anavitazama tu. Nimekusikia. Sasa na wewe nisikie, maana hiyo dawa niliwahi kuiona ikiponya, kisha nikaiona ikimwagika. Sitakupa nusu ya habari ili ulale vizuri. Wenye kupewa nusu ndio wanaozika.

Kaka yangu aliitwa Masanja. Ilikuwa miaka ya tisini, soko lilipoachiwa huru na kila mwenye mikono miwili akakimbilia sangara. Viwanda vilifunguliwa kandokando ya ziwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tunaoishi na ziwa mlangoni tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa ya samaki walioliwa na wengine. Masanja alifanya kazi kwenye boti iliyozunguka visiwani kukusanya sangara na kuwaleta kiwandani wakiwa kwenye barafu. Mkewe alifariki kwa uzazi akamwachia binti, Minza. Waliishi hapa hapa Ilemela kwa bibi yetu mzaa baba, Bibi Kwandu. Mimi nilikuwa nimeletwa kutoka kijijini Misungwi kumsaidia bibi kazi za nyumba. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa niliyejiona nimeshaijua dunia kwa sababu nimeona taa za mjini.

Minza alikuwa na desturi yake. Chakula cha jioni hali mpaka baba yake arudi. Boti ikichelewa atasinzia pale mlangoni na tumbo tupu, na ukimlazimisha anauma. Masanja akifika kule chini njia inapoanza kupanda kati ya mawe, alipiga mluzi, halafu akaita, "Minza wa Masanja, umenibakizia?" Na mtoto alijibu kwa sauti ya kuamsha mtaa, "Sijala!" Basi hapo ndipo sahani inatoka jikoni, wanakula wote sahani moja, baba anamchambulia miba, na mtoto anamsimulia habari za kuku.

Boti ilizama. Ilikuwa imepakia kupita kiasi, kama zote za wakati ule, maana kiwanda kilinunua chochote ulicholeta na hakuna aliyetaka kurudi kisiwani mara mbili. Mwili ulipopatikana tulizika, na Minza tulimficha kwa jirani ili asione. Alipouliza, tukamwambia baba amesafiri. Sijui nani alisema kwanza. Neno lile lilitoka kinywani mwa mtu mmoja, likazunguka nyumba nzima, na mpaka jioni kila mtu alikuwa analisema kana kwamba ni kweli. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini sisi wakubwa tunaupenda sana uongo wa namna hiyo, kwa kuwa unatupumzisha sisi.

Sasa sikiliza vizuri. Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani, hilo unalijua. Mtani akifika msibani ana ruhusa zake. Atatukana marehemu, atalala kaburini, atavaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, na waliokuwa wanalia watacheka huku machozi yanatiririka. Mimi siulaumu utani. Msiba bila watani ni mzigo usio na kata ya kichwani. Na Masanja alikuwa na mtani wake wa damu, Kibwana, Mzaramo aliyekuwa kuli bandarini, mtu mrefu mwenye sauti ya kuiga sauti zote. Walikuwa wakitukanana kila siku na kugawana kila senti.

Siku ya matanga Kibwana aliingia ndani kimya kimya, akachukua koti la Masanja, lile la mtumba lenye kofia, akateremka mpaka kule njia inapoanza. Tulikuwa tumekaa hapa uwanjani. Tukasikia mluzi. Halafu tukamwona mtu anapanda, bega moja juu kama Masanja kabisa, kofia imemfunika uso, na sauti ikasema, "Minza wa Masanja, umenibakizia?"

Watu walikufa kwa kicheko. Bibi Kwandu mwenyewe alijifunika khanga usoni akitikisika mabega. Na hapo Minza akachomoka kwa jirani. Alipita katikati yetu mbio, akipiga kelele, "Sijala! Baba, sijala! Sijala!" Akamkumbatia Kibwana mguuni.

Kicheko kilikuwa hakijaisha vizuri. Kuna waliocheka zaidi kabla hawajaelewa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kibwana akasimama, hajui aweke wapi mikono. Mwishowe akaivua ile kofia ya koti. Minza aliinua uso akamtazama. Hakulia, mwanangu. Angelia pengine ningekuwa nakuambia habari nyingine leo. Aliachia mguu polepole, akarudi nyuma, akaenda kukaa pale mlangoni pa jiko. Tangu jioni ile hakutamka neno.

Usimtafute mkosaji hapo. Uongo wa safari tunausema vizazi vyote, na utani tunaufanya vizazi vyote. Vitu viwili vya kawaida yetu vilikutana juu ya kichwa cha mtoto mmoja, basi.

Tulimpenda Minza, usidhani hatukumpenda. Ila tulimpenda kwa jinsi tuliyoijua. Sisi ni watu tuliokua tukipanga foleni ya sukari, tukafua kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Ghafla ruksa ikaja, maduka ya mjini yakajaa biskuti, soda, pipi za rangi saba, maziwa ya kopo. Tuliona vitu vile ni muujiza. Mtu aliyekulia katika ukame wa vitu anaamini kitu kinaponya. Kila ndugu aliyekuja alileta pakiti. Kila ndugu alimchukua Minza akabadilishe hewa: leo kwa mama mkubwa Buswelu, wiki ijayo kwa shangazi ng'ambo ya Busisi, kisha kwa mwalimu wa shule ya Jumapili, kisha anarudi. Huku anapewa soda saa ya kuamka, kule anapewa wali usiku wa manane kwa kuwa anaonekana hajalala. Kila nyumba ilimtendea wema, na kila wema ulikuwa na saa yake na mahali pake. Mtoto alikonda mpaka magoti yakawa makubwa kuliko mapaja. Alianza kukojoa kitandani. Mtu mwenye koti akipita njiani alijificha nyuma ya mtungi.

Siku moja nikiwa nafagia uvunguni mwa kitanda chake nilivuta kopo kubwa la mafuta ya kula. Harufu ilinipiga kabla sijalifungua. Ndani kulikuwa na ugali uliokauka, biskuti zilizolowa zikaota ukungu, vipande vya samaki, pipi zikiwa bado na karatasi zake. Kila tulichompa alikuwa anakitia humo. Nikampelekea bibi nikiwa nimekasirika, nikasema mtoto huyu sasa amekuwa mchoyo, anaficha chakula kinaoza.

Bibi Kwandu aliangalia ndani ya kopo muda mrefu. Kisha akakaa chini pale pale vumbini, mwanamke mzima.

"Anambakizia," alisema.

Alipoinuka alikuwa mtu mwingine. Aliita ndugu wote waliokuwepo, akasimama hapa uwanjani na kutusema, na mpaka leo nikilikumbuka neno lile masikio yanawaka moto. "Mnampa vitu," alisema. "Nani amempa saa yake? Mnamzungusha kama mbuzi wa kuazimana. Hajui atalala wapi, hajui atakula na nani, hajui nani anakufa na nani anasafili, maana ninyi kwenu ni neno moja." Halafu akanigeukia mimi, pengine kwa kuwa nilikuwa na kopo mkononi. "Wewe binti. Uliwahi kulala njaa ukijua kesho utakula? Na uliwahi kulala umeshiba hujui kesho uko wapi? Niambie ipi mbaya." Nilikuwa nimeyapitia yote mawili, na nilijua jibu.

Aliagiza Kibwana aitwe. Kibwana alikuwa hajakanyaga hapa tangu matanga, aibu ilimla. Alikuja akijaribu kutania kidogo mlangoni, akasema ameitwa kula michembe, viazi vyetu vya kukausha, kama Msukuma. Bibi hakucheka. Bibi, ambaye herufi r haikuwahi kupita kinywani mwake maisha yake yote, alimwambia, "Ulivaa koti la Masanja ukaingia. Hujaludi kulivua mbele ya mtoto."

Akamkabidhi koti. Kibwana alipiga magoti mbele ya Minza, mtu mrefu vile, akaliweka koti mapajani mwa mtoto. Akasema, "Mimi ni Kibwana. Nililivaa koti la baba yako. Sikuwa yeye. Baba yako hakusafiri, mwanangu. Baba yako amekufa majini, tumemzika, na mimi nilimshika miguu kumteremsha." Minza aliliinamia koti akalinusa. Kisha alimpiga Kibwana usoni kwa mkono wake mdogo, mara moja, halafu tena, na tena, na Kibwana akaacha apigwe.

Mtani akiharibu hutozwa, hiyo nayo ni mila. Kibwana alidhani ataambiwa kuku. Bibi alinyoosha kidole kwenye jiwe lile, unaliona, lile lililobeba lingine juu. "Jioni kivuli chake kinashuka mpaka kinagusa mlango wa jiko," alisema. "Kikigusa, uwe umekaa hapa. Utakunywa uji na huyu mtoto. Kwa nguo zako. Ukimaliza utasema kesho, na kesho utakuja. Hiyo ndiyo faini yako."

Basi ndivyo dawa ilivyoanza. Uji wa ulezi na mtama, karanga zimetwangwa zikachanganywa humo, na maziwa kidogo kutoka kwa jirani mwenye ng'ombe. Hakuna cha dukani. Bibi alisema tumbo lililoogopa linataka kitu linachokijua. Asubuhi michembe iliyochemshwa. Mchana ugali na mlenda, na dagaa tukipata. Jioni uji wa kivuli. Kuzungushwa kwa ndugu kulikoma. Minza alipewa kazi: aamkapo anafungulia kuku, anafagia kipande chake cha uwanja, na alasiri analinda kivuli. Analala mkeka ule ule, upande ule ule, mkono wa bibi juu ya mgongo wake. Hakuna aliyemsemesha kwa nguvu. Hakuna aliyemwambia hebu cheka. Vilikuwa vitu vya kuchosha kwa jinsi vilivyofanana, na mimi kwa ujana wangu niliona bibi anazeeka vibaya. Nilitaka mganga, au sindano, au maombi yenye kelele.

Mwanzoni hakunywa. Kibwana alikuja, akanywa wake, akasema habari za bandarini kana kwamba anajibiwa, akasimama, "Kesho, Minza." Akaondoka. Uji wa mtoto uliganda juu. Siku nyingi zikawa hivyo. Kisha siku moja alichovya kidole. Kisha akanywa nusu, nusu akataka kuitia kwenye kopo. Bibi hakumkemea, alilikosha lile kopo na kuliweka tena mahali pake, safi, wazi, akamwambia chakula cha wafu ni kukumbukwa tu. Kisha akaanza kunivuta mimi nguo kivuli kikikaribia, nikaweke sufuria. Mashavu yakarudi. Kukojoa kukapungua. Akaanza kufukuzana na kuku bila sababu, na hiyo, mwanangu, ndiyo dalili ya mtoto kupona, akifanya jambo lisilo na sababu.

Na ikaja jioni ambayo meli ilichelewa kupakuliwa. Kivuli kiligusa mlango, kikapita, kikapanda ukuta. Minza amekaa na bakuli mbili mbele yake, yake na ya Kibwana. Kibwana akatokea anahema kwa kupanda mlima mbio, jasho limemloanisha.

Minza akamtazama juu mpaka chini. "Umechelewa," akasema.

Bibi aliacha mwiko ukaanguka. Kibwana aliketi. "Nisamehe, bosi," alisema, "meli ya Bukoba ina mizigo mingi." Minza akamsogezea bakuli. Jioni ile tuliongea mpaka mbu wakatushinda, na bibi alimwita Kibwana mvivu wa kila jina, kama mtani anavyostahili kuitwa. Kama ningekuwa na uwezo wa kusimamisha dunia, ningeisimamisha jioni ile.

Unatabasamu. Usitabasamu bado.

Soko lile lile lililoleta biskuti lilikuja na neno jingine: kupunguzwa. Kazini kwao Kibwana walianza kupunguza watu, mmoja mmoja, kisha kumi kumi. Wengine wakapewa tiketi ya treni kurudi kwao. Sisi hatukujua kama jina lake limo. Alikuja kama kawaida, akanywa uji wake wote, akachelewa kidogo kuinuka. Alimrekebisha Minza kola ya gauni. Kisha akasema, kama kila siku, "Kesho, Minza."

Kesho yake kivuli kiligusa mlango. Minza akaweka bakuli mbili. Nilimsikia akisema taratibu, "Amechelewa." Mwenzake Kibwana wa bandarini ndiye aliyetuletea habari baada ya siku kadhaa, kwamba Kibwana amepunguzwa, na treni yake ilishafika pwani zamani.

Ahadi ni deni, tunawafundisha watoto. Na mtu mzima aliyempenda mtoto kuliko nafsi yake alishindwa kutamka, "Minza, kesho siji." Nimemfikiria miaka yote hii na siwezi kumchukia. Alikuwa na neno moja tu alilozoea kumpa, akampa hilo.

Bibi alimwambia Minza ukweli siku ile ile tulipoujua. Alimwambia Kibwana yu hai, ameondolewa kazini, yuko kwao mbali. Mtoto alisikiliza kwa adabu. Ndiyo, kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Maneno yale yalikuwa ya kweli, lakini yeye alishayasikia yakiwa uongo. Niliketi mahali pa Kibwana. Minza akaivuta bakuli ya Kibwana pembeni. Bibi aliketi, akafanya vile vile. Tulipika uji ule ule, saa ile ile, kwa karanga zile zile, naye akautazama ukiganda. Lile kopo lilianza kunuka tena.

Usiku mmoja bibi aliniambia gizani, "Nimekosea, mjukuu wangu. Nilimpa saa, nikaitundika kwa mtu mmoja." Sikuwahi kumsikia bibi akisema amekosea. Kidole kimoja hakivunji chawa, alikuwa akituimbia kila siku shambani, na katika jambo kubwa kuliko yote alilisahau.

Masika zilishuka. Wiki nzima haikuwa na jua, na jiwe halikuwa na kivuli. Minza alikaa mlangoni akikisubiri. Malaria ilimkuta hana akiba mwilini, wala hana sababu moyoni. Hospitali walisema malaria, na ilikuwa malaria kweli, sibishani na daktari. Lakini watoto wengine wa mtaa huu waliugua masika zile zile wakasimama. Tulimzika kando ya baba yake. Watani walikuja. Hakuna hata mmoja aliyetania.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Sisi tuliona mashavu tukadhani tumemaliza kazi.

Kiangazi Kibwana alirudi. Alikuwa amepata kibarua cha kusindikiza mizigo ya samaki, na akili yake yote ilikuwa kupanda mlima huu. Alipiga hodi akiwa na viatu vidogo vyekundu mkononi, vipya, vimefungwa kwa kamba zake. Kivuli kilikuwa ndiyo kwanza kinagusa mlango wa jiko. "Bibi, shikamoo. Bosi wangu yuko wapi?"

Bibi Kwandu hakuitikia marahaba. Alikuwa bado anapika uji ule kila jioni. Sikuwahi kumwuliza kwa nini. Alimimina bakuli moja, akaiweka mbele yake, akamtazama juu mpaka chini.

"Umechelewa," alisema.

Kibwana alielewa. Aliunywa uji wote, mpaka chini, akilia bila sauti, viatu vile viko mapajani. Kisha akateremka mlima. Hatukumwona tena, na bibi hakumaliza mwaka.

Sasa, mwanangu, dawa yako ni hiyo na sumu yake ni hiyo hiyo. Kwanza mwambie mtoto yule mama yake amekufa. Sema neno lenyewe. Akikupiga, mwache akupige, heri akupige wewe kuliko ajipige ndani. Usimzungushe kwa ndugu, hata wakikununia. Zile juisi na keki gawia watoto wa jirani. Mpikie uji wa nafaka mliyokuwa mkila mama yake akiwa hai, karanga, maziwa ukiyapata, mboga za majani, samaki mdogo mzima badala ya mifupa ya mkubwa. Mpe kazi ndogo ambayo nyumba itaikosa asipoifanya. Na mpe saa. Saa isiyokuwa yako peke yako! Leo unywe naye wewe, kesho mimi, kesho kutwa mumeo, na jirani, na mjukuu wangu, ili siku mmoja wetu akipunguzwa na dunia, bakuli isibaki bila mtu. Ukitaka kuondoka, mwambie naondoka. Ukijua hutarudi, sema hutarudi, hata kama ulimi utakufa kinywani. Usimwambie kesho kwa sababu tu umezoea.

Sikuahidi kwamba atapona. Nimezika mtoto aliyekuwa ameshaanza kufukuza kuku, siwezi tena kuahidi. Mimi nakuambia tu njia ninayoijua, na mahali ilipokatika.

Mungu akupe kifua cha kusema ukweli na mikono isiyochoka kufanya jambo lile lile. Akupe nafaka ghalani na watu wengi mlangoni. Na mtoto yule, Mungu amwonee huruma ambayo hakumwonea mwingine.

Uji ulio jikoni niliuweka ulipoingia, hukuona kwa sababu ya simu. Chukua bakuli tatu, ile ndogo ya buluu ilikuwa ya Minza, mpe mtoto wako huyo. Kivuli kimefika mlangoni. Nenda kamwite.